Hori

Lilikuwa nyuma ya banda la kuku, Kibosho,
limelala kifudifudi chini ya majani makavu ya migomba:
hori la mbege la marehemu mjomba Ndelilio,
gogo moja la mringaringa, hatua nne na kiganja,
ubavu wa kushoto umepasuka
tangu kipaimara cha Anaeli,
pombe ilipotoroka usiku na mbuzi wakaamka walevi.

Shangazi akasema, chukua, litakufaa kuni.

Mimi ni fundi vitanda, Pasua, nyuma ya mashine ya kusaga.
Sikuzaliwa na ziwa. Maji niliyoyajua
yalikuja kwa mfereji, kwa zamu, kwa ugomvi.
Lakini kamusi ya shule, ile isiyo na jalada,
ilininong'oneza nikiwa darasa la sita:
hori, chombo cha kulishia mifugo;
hori, mtumbwi mdogo.
Miaka ishirini na sita nimelitunza neno hilo
kama mtu anayejua mlango wa pili wa nyumba.

Tezo niliazima kwa Kileo, mchonga mizinga.
Ngama lilikuwa nayo tayari;
omo na tezi ndivyo vilivyokosekana,
maana hori halina mbele,
limefunzwa kukaa, kungoja kata.
Kukipa pua kitu kilichozoea kungoja
si kazi ya asubuhi moja.

Ufa niliukwangua kwa ncha ya kisu
ukatema machicha ya ulezi, magumu kama changarawe.
Nikaukalafati kwa pamba, nta na lami,
juu yake bati la debe,
misumari kumi na tisa. Wa ishirini ulipinda.

Majirani walikuja kucheka kwa zamu.
"Fundi, utaelea wapi, mtaroni?"
"Masika yakija nitawapungia madirishani."
Ndeshi tu, binti wa dada yangu, hakucheka.
Alishika ukingo, akauliza:
maisha yake yote limezuia ya ndani yasitoke,
sasa litajuaje kuzuia ya nje yasiingie?
Nikaendelea kupiga randa kafi.

Tulilipakia kwenye kenta ya vitunguu
hadi Nyumba ya Mungu.
Wavuvi wa Lang'ata hawakucheka pia, na hilo lilinitisha zaidi.
Walilizunguka kama madaktari.
Mmoja akaligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza:
"Hiki ni chombo cha sherehe."
Akatuonyesha tusikoenda: kule kwenye viboko.

Majini liliinama kushoto, upande wa ufa,
kama mtu anayesikiliza kwa sikio bovu.
Tukahamisha sufuria, unga na jembe kulia,
likanyooka, kwa shingo upande.
Tukapita kati ya miti iliyofia wima bwawani,
mnandi mmoja juu ya kila mti,
na nyuma yetu mlima, mdogo, mweupe kichwani,
ukitazama yalikofikia maji
tuliyotoleana mapanga kwa ajili yake huko juu.
Hapa yamekaa. Hayana zamu.

Usiku tulilipindua juu ya mawe mawili,
tukaingiza vichwa chini yake, miguu nje,
tumbo likiwa na ugali na perege wawili wa kuchoma.
Joto la moto likaupata ubao.
Harufu ikashuka polepole: ndizi mbivu, mso,
harusi za watu nisiowajua.
"Linalewa peke yake," Ndeshi akasema, akalala.
Mimi nilikaa macho, nikihesabu misumari kwa kidole gizani.

Asubuhi tulielea hadi jua likawa kali.
Kisha nyayo zangu zikalowa.
Ndeshi akainama, akachota ngamani:
kata moja, haikujaa.
Hakuyarusha. Aliyamwaga taratibu, kidogo kidogo,
kama wafanyavyo watu wazima kabla ya kunywa.
"Limeonja tu," akasema.

Nikaangalia ufuko ulivyo mbali.
Nikamwambia ashike kafi.